Mama Kesho na Sare ya Mgeni

Mtaa mzima unamwita wifi yangu Mama Kesho, na jina hilo hakusingiziwa. Ni fundi cherehani. Duka lake linatazamana na lango la shule ya msingi, barabara nyembamba katikati, na kwa miaka ishirini na mbili ameshona sare za shule hiyo: sketi za buluu zenye marinda, mashati ya rangi ya maziwa, kaptura za wavulana. Katika miaka yote hiyo sidhani kama ameshatoa nguo siku aliyoahidi. Mteja akiweka mguu mlangoni, kabla hata hajasalimia, wifi anainua macho juu ya miwani, anatabasamu vizuri kabisa na kusema, "Njoo kesho."

Mimi ni mke wa mdogo wake. Nina miaka kumi na moja kwenye cherehani ya pili, ile ya karibu na mlango, yenye kanyagio linalolia. Kazi yangu ni vifungo, mapindo na uongo. Yeye anachelewesha, mimi naeleza. Nimeshawaambia watu kwamba umeme umekatika huku pasi inatoa mvuke nyuma yangu. Kuna shangazi yetu mmoja nimeshamzika mara tatu, na yeye mzima wa afya, juzijuzi alikuja dukani kupunguza gauni.

Utauliza kwa nini watu hawamkimbii. Ni hayo marinda. Mtoto akalie sketi ya wifi mwaka mzima, aruke nayo kamba, anyeshewe nayo, marinda yatasimama vilevile. Mafundi wanaotoa nguo kwa wakati, marinda yao yanalala chali wiki ya pili. Basi wazazi wanalalamika na wanarudi. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa na suruali yake ya kahawia ikining'inia kwenye msumari wetu wiki ya sita, ikisubiri kukunjwa pindo tu, na kila Jumatatu alipita kuiangalia kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Kitu kimoja tu kilinishinda kukielewa, nacho ni watoto wageni. Shule ile inapokea watoto wengi kutoka nchi za nje, kwa sababu hospitali kubwa iko jirani na inaajiri wataalamu kutoka kila upande. Sare za watoto hao ndizo zilizochelewa kuliko zote. Mwenyeji angesubiri siku tatu, nne. Mgeni alisubiri wiki na zaidi. Shule ina utaratibu kwamba mgeni anaruhusiwa kuvaa nguo za nyumbani wiki mbili za mwanzo, na wifi alikuwa anazila zote mbili bila haya. Nilidhani anawaonea kwa kuwa wazazi wao hawajui kugomba kwa lugha yetu. Nilimwambia hivyo, tena usoni.

"Wifi," akanijibu, "shona vifungo."

Sasa Jumatatu moja akaja mama mmoja mrefu, amevaa viatu vizito vya kazi, na binti wa miaka minane aliyeng'ang'ania mkanda wa mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. Mama huyo naye ni fundi, wa mashine za hospitali. Kiswahili alijifunza kwenye vitabu kabla ya safari, na kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu mkuu.

"Hamjambo, akina dada. Ningependa kumshonea binti yangu sare. Je, tafadhali, itakuwa tayari lini?"

Nikainamia vifungo vyangu. Jibu nilikuwa nalijua.

Wifi akapiga magoti. Watoto huwapima akiwa amepiga magoti, ili wao ndio wamwangalie yeye kutoka juu. Akampa binti ncha ya futi aishike mwenyewe begani, akampima mikono, kiuno na urefu wa sketi, taratibu, kama hakuna mteja mwingine duniani. Binti alikuwa amevaa gauni la njano. Hakutoa sauti. Futi ilipofika shingoni alifumba macho tu.

Mama yake akaona bora atueleze. Alitueleza akiwa amesimama wima, kama mtu anayetoa ripoti. "Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Binti yangu hakutaka kuja. Mama yangu mzazi yuko nyumbani, naye anasema nimrudishe mtoto kwake. Tumepatana wiki mbili. Ikiwa Ijumaa ya wiki ijayo itapita naye hajaingia darasani, Jumamosi nitampandisha ndege, aishi na bibi yake mpaka nitakapomaliza kazi. Tiketi nimekwisha kuichukua."

"Miaka miwili ni mingi kwa mtoto, dada," nikasema.

"Ni mingi kwangu pia," akasema, na hapo ripoti ikamwishia. Akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba, na nilijua hakuna anachokitafuta.

Nikamtazama wifi. Nikamwomba kwa macho. Akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, akakibana na kitambaa kwa pini, akamtabasamia yule mama.

"Njoo kesho," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na cherehani yangu.

Kesho yake mama alimleta binti shuleni na gauni lile la njano. Mlinzi akafungua lango, akamkaribisha kwa saluti. Binti akafika pale kwenye mstari ambapo lami inaisha na uwanja unaanza, akagoma. Hakupiga kelele. Alisimama machozi yakimtiririka, na watoto wakapita kulia na kushoto kwake wakimkodolea macho. Mama akachuchumaa, akabembeleza, akatazama saa. Wifi akatoka nje ya duka na futi yake shingoni.

"Dada, nenda kazini," akasema. "Mwache kwangu. Akae hapa aione shule. Mlinzi anamwona, mimi namwona. Akitaka kuingia ni hatua ishirini."

Basi binti akawekewa kigoda mlangoni, kati ya cherehani yangu na barabara, na kopo la vifungo mapajani. Kwa saa nzima alivipanga kwa ukubwa. Vilipokwisha akavipanga kwa rangi. Wifi hakumbembeleza wala hakumwuliza kitu. Saa ya mapumziko wasichana wawili watatu walikuja kwenye uzio kumchungulia, na mmoja wao, mwenye mdomo usiolala ambaye sote tunamwita Redio, akavuka moja kwa moja mpaka dukani.

"Shikamoo mama. Huyu ni nani? Anatoka wapi? Kwa nini hana sare? Haongei?"

"Marahaba. Hana sare kwa sababu mimi sijashona," wifi akasema. "Mchukue mpeleke jikoni, ampe mpishi aproni yake. Halafu mrudishe."

Nikashtuka. Aproni ya mpishi ilikuwa tayari! Ilikuwa na siku mbili tu tangu iletwe. Redio akambwagia binti aproni mikononi, akamshika kiwiko, wakavuka. Binti aligeuka kututazama mara moja. Baada ya dakika kumi wakarudi, Redio akiwa bado anaeleza mambo ya jikoni kana kwamba mwenzake anamwelewa, na binti akarudi kwenye kigoda chake.

Siku iliyofuata alipeleka pazia maktaba. Siku ya tatu vitambaa vya meza kwenye chumba cha walimu. Ijumaa alipeleka taulo mbili, sijui wifi alizitoa wapi, kwenye vyoo vya wasichana, na Redio akamwonyesha bomba linalotoa maji na lile la uongo. Kila siku dakika kumi, kisha mbio mpaka dukani. Mlinzi akawa anafungua lango akimwona tu anavuka. Nami nilikuwa nahesabu siku na damu inanichemka. Nilimwona wifi kama mtu aliyejipatia tarishi wa bure. Kila jioni mama alikuja na viatu vyake vizito, anauliza sare kwa upole, na kila jioni akaambiwa aje kesho. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia kitambaa cha buluu kimeadimika.

Jumatano ya wiki ya pili nilikuwa natafuta zipu. Kabati letu kubwa lina mlango unaokwama, na tukishaukwamua tunatoa tunachotaka na kufunga upesi kabla haujakwama tena. Siku hiyo zipu zilikuwa zimeanguka nyuma. Nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikagusa kitu laini kwenye henga. Nikakivuta. Sketi ya buluu, marinda yamesimama. Shati la rangi ya maziwa, limepigwa pasi. Karatasi ya vipimo ilikuwa bado imebanwa kwa pini, na chini yake wifi alikuwa ameandika tarehe ya kumaliza, kama afanyavyo siku zote. Ilikuwa Jumanne ya wiki ya kwanza. Alikuwa ameimaliza kwa siku moja.

Kwanza nikashangaa kwamba anaweza. Kisha nikalipuka. Binti alikuwa ametumwa ng'ambo ya barabara pamoja na Redio, kwa hiyo nililipuka kwa nafasi.

"Wifi! Hii nini? Mtoto amekaa mlangoni siku saba na nguo ya njano kama taa ya barabarani, na sare yake imejificha humu? Jumamosi anapanda ndege! Wewe una moyo gani?"

Wifi hakuinua kichwa. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mgeni asivae sare kabla hajajua choo kiko wapi," akasema.

"Nini?"

"Umenisikia."

Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo hata mume wangu, ndugu yake wa tumbo moja, halijui. Alipokuwa na miaka minane, baba yao alipata kazi ya kutengeneza malori nchi nyingine, akawachukua wote. Mume wangu alikuwa bado hajazaliwa. Mama yao, hodari wa sindano kama binti yake, akamshonea sare kwa jioni moja, ili asubuhi mwanawe asionekane mgeni. Na kweli hakuonekana. Alisimama kwenye mstari wa asubuhi na watoto mia nne, amefanana nao kuanzia ukosi mpaka soksi. Hakuna aliyemwonyesha kitu, kwa sababu hakuna aliyemwona. Walimu walimfokea kwa kusimama pasipo pake. Kengele zililia, watu wakakimbia, naye akakimbia asijue wapi. Alipobanwa na haja ndogo hakujua choo kilipo wala neno la kuulizia. Akajikaza mpaka saa nne. Saa nne na robo hakuweza tena, mbele ya darasa zima.

"Waliniita Mvua," akasema. "Kwa lugha yao. Mwaka mzima. Ningekuwa na gauni langu la nyumbani, wifi, mtoto mmoja tu angeniona ni mgeni akanishika mkono. Mmoja tu. Sare ilinificha. Ndiyo maana wangu siwafichi. Kwanza ajue jikoni, ajue maktaba, ajue choo, ajue bomba la uongo. Halafu namvisha."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtia makofi, vyote kwa wakati mmoja.

"Na mama yake ulimwambia?"

"Mzazi hukubali vipi jambo kama hilo? Ni rahisi kusema njoo kesho."

"Na kama Jumamosi mtoto akiondoka?"

Alivaa miwani, akaivua tena. "Wengine wote waliingia darasani na nguo zao za nyumbani siku ya nne, ya tano," akasema polepole. "Huyu sijui kwa nini haingii. Naogopa, wifi."

"Basi mwambie mama yake. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho ya kalenda!" nikasema. "Siyo ile yako!"

Alhamisi jioni alimwambia kweli. Alimwambia amesimama, sare mkononi, bila kuremba. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mimi ninatengeneza mashine zinazomsaidia mgonjwa kupumua," akasema. "Nikisema kesho, mtu anakufa. Wewe ulijua nina wiki mbili tu. Ulipaswa kuniuliza. Ni mtoto wangu."

Akaichukua sare, akamchukua binti, wakaenda. Binti aligeuka akaangalia kopo la vifungo. Wifi alikaa chini, na wateja wawili walioingia baadaye hawakuambiwa waje kesho. Hawakuambiwa kitu. Ilibidi mimi niwaambie.

"Amesema kweli," wifi akasema tulipokuwa tunafunga.

"Amesema kweli," nikamjibu. Sikuwa na la kumfariji, na sikutaka kulitunga.

Ijumaa tulifungua duka mapema kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Tukajifanya tunashona. Wakaja, mama amechukua ruhusa ya asubuhi, binti ndani ya sketi ya buluu na shati la maziwa. Ilimkaa, nisiwe mwongo, kama alizaliwa nayo. Wakasimama langoni. Watoto wakamiminika ndani, na sasa kweli hakuna aliyemtazama. Kengele ya kwanza ikalia. Mlinzi akasubiri na mkono kwenye komeo. Mama akamwachia mkono mwanawe, akarudi hatua moja.

Binti akautazama mstari pale lami inapoishia. Kisha akageuka, akatazama barabara kushoto, kulia, akavuka kuja kwetu.

Nikajua imekwisha. Mama naye alijua, nilimwona mabega yakishuka, akavuka nyuma yake bila hata kuangalia gari. Binti akaingia dukani, akatupita mimi na kigoda chake, akaenda mpaka kwenye msumari na kuishika suruali ya kahawia ya mwalimu mkuu. Akamnyooshea wifi mikono miwili, viganja juu, kama anavyofanya Redio anapombwagia mzigo. Akasema maneno kadhaa kwa lugha yao. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Anasema nini?" wifi akauliza.

Mama akatutafsiria. "Anasema, akiwa amebeba nguo anajua anakwenda wapi. Anataka ile."

"Mpe, wifi!" nikasema. "Mpe aende nayo!"

"Haina pindo."

"Mpe hivyohivyo!"

"Mtoto apeleke suruali ya mwalimu mkuu inaning'inia nyuzi? Siku yake ya kwanza? Kengele ya pili ni lini?"

"Dakika sita," akapaza sauti mlinzi kutoka ng'ambo, maana mtaa ule hakuna siri.

Basi Mama Kesho, ambaye mtaa mzima haujawahi kumwona akiharakisha kitu, akaivuta suruali ile, akatupa mguu mmoja kwenye cherehani yangu na mwingine kwenye yake. "Wewe kulia, mimi kushoto!" Suruali ikatanda kati yetu kama kamba ya kuanikia. Yeye akivuta, mimi napoteza mshono. Mimi nikivuta, yeye ananitukania ukoo nilioolewa, akisahau kwamba ni ukoo wake. Nikafika nusu ya pindo, cherehani yangu ikakohoa na kunasa. Uzi umejikunja chini, fundo zima kwenye bobini, nami siwezi hata kufungua kifuniko.

"Niruhusu," akasema yule mama.

Aliweka mkoba chini. Akatelezesha kifuniko, akachomoa bobini, akaingiza vidole viwili vyembamba mahali ambapo mimi huingiza bisibisi, akatoa fundo la uzi kama anatoa mwiba mguuni kwa mtoto. Akarudisha kila kitu, akazungusha gurudumu nusu duara, akasikiliza. "Sasa," akasema. Kanyagio hata halikulia.

Nikamaliza mguu wangu. Wifi akamaliza wake. Pasi, mara mbili. Ikakunjwa. Kengele ya pili ilianza kulia binti akiwa katikati ya barabara, suruali imelala kwenye mikono yake miwili, kidevu juu. Mlinzi akafungua. Binti hakusimama kwenye mstari. Aliukanyaga akapita.

Tukabaki watatu mlangoni.

"Dakika kumi," nikamweleza mama. "Huwa anarudi baada ya dakika kumi."

Akakaa kwenye kile kigoda, magoti yamefika kidevuni. Hakuna aliyeshona. Dakika kumi zikapita. Zikafika kumi na tano. Mlinzi akatugeukia, akainua mabega. Ishirini. Yule mama alikuwa ameshika kopo la vifungo, na bila kujua alikuwa ameanza kuvipanga kwa ukubwa. Ruhusa yake ya asubuhi ikaisha, simu ikaita kutoka hospitali, akaizima.

Saa ya mapumziko Redio akatokea kwenye uzio akikimbia, na hapo ndipo nilipompenda rasmi mtoto yule.

"Yuko darasani!" akapiga kelele. "Alimpa mwalimu mkuu suruali, mwalimu mkuu akamwambia asante, akamfungulia mlango atoke. Tukamwona dirishani, tukajua anarudi kwenu. Yeye akaenda chooni, peke yake, akanawa mikono kwenye bomba zima, akaja akafungua mlango wa darasa akakaa karibu na mimi! Hakuna aliyemwonyesha! Mimi mwenyewe sikumwonyesha!"

Nikamwangalia wifi. Alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yote yale: chooni. Alikaa taratibu kwenye kiti chake, akaweka viganja viwili juu ya cherehani, akaanza kulia, wazi kabisa, bila kujificha kwa kanga wala miwani. Yule mama akamsogelea. Hakusema kwamba amemsamehe, na sidhani siku hiyo alikuwa amemsamehe. Alimshika bega tu. Kisha akatoka nje akampigia simu mama yake mzazi. Hatukuelewa hata neno, ila kilio tulikielewa, cha huku na cha kule.

Jumamosi ndege iliondoka na kiti kimoja kitupu.

Mwalimu mkuu alikuja Jumatatu na suruali yake mwilini. Mguu mmoja ulifika kwenye kiatu, mwingine ulionyesha soksi yote. Akajitazama, akatutazama.

"Nani alipima?" akauliza.

"Kila mmoja alipima upande wake, mwalimu," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilikuwa nimemwambia mteja ukweli.

"Itarekebishwa lini?"

Nadhani unajua alivyojibiwa. Ameivaa hivyo muhula mzima.

Wifi amebadilika jambo moja tu. Sasa mzazi mgeni akija, anaambiwa yote siku ileile, choo na Mvua na kila kitu, halafu anaulizwa, "Wewe ndiye mzazi. Nishone haraka au nichelewe?" Wengine husema haraka, naye hushona haraka, ingawa moyo unamuuma. Kwa wenyeji hali ni ileile. Jana nimemzika shangazi mara ya nne.

Lakini nilitaka kusema habari ya Ijumaa ile jioni. Shule ilipotoka tulikuwa tumejipanga mlangoni, wifi amejifuta uso, kigoda kimepanguswa, vifungo vimerudishwa ndani ya kopo. Tulikuwa tunamsubiri binti aje atusimulie, hata kama ni kwa lugha yake. Watoto wakamwagika langoni. Tukamwona katikati ya kundi, begi mgongoni, ameshikana mkono na Redio, wote wawili wanaongea kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mama yake alikuwa amesimama kona akiwangoja. Wakapita mbele ya duka. Hakugeuka. Akaendelea mpaka akafika kwa mama yake.

"Hata hajatuangalia," wifi akasema.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo," akasema. Akainama, akakiokota kile kigoda, akakipangusa mara nyingine ingawa kilikuwa kisafi, akakirudisha ndani nyuma ya kabati.